Moto Aliouona Mama Mkwe

Wakati ule nilikuwa nimekaa mwaka mmoja na nusu katika nyumba ya mume wangu kule Rwambuzi, mjini Bunia, na macho ya mama yake yalikuwa hayaoni kwa miaka miwili. Kwa hiyo hakuwahi kuniona. Nililetwa kutoka Butembo juu ya kamyo ya mizigo, nikashushwa na masanduku yangu mawili, nikapelekwa mbele yake kumsalimu. Alinishika mkono, akapapasa kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kiwiko, halafu akasema neno kwa lugha ya kwao. Mume wangu akacheka kidogo. Nilipomuuliza baadaye mama kasema nini, alinijibu, "Anasema mikono yako iko laini." Nilidhani ni sifa. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba haikuwa.

Alikuwa amemchagulia mwanawe msichana mwingine, wa kwao, ambaye angejua kulima. Mwanawe akanioa mimi, mtoto wa wachuuzi. Mama hakunitukana hata siku moja. Alichofanya ni kuongea na mwanawe kwa lugha yao tu, hata wakati wa kula. Walikuwa wanacheka, na mimi niko pale na sahani yangu, natazama mdomo wa huyu, kisha wa huyu. Kiswahili alikijua vizuri. Alikitumia na majirani, na wauza maziwa, na watu wa kanisa. Mimi alinipa maneno matatu au manne kwa siku.

Mume wangu hakukaa nyumbani. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, watu wameruhusiwa kuchimba dhahabu wenyewe, na machimbo ya Kilo yalijaa vijana wenye majembe. Yeye aliwapelekea chumvi, sabuni, betri na samaki wakavu. Alikuwa anakaa huko wiki mbili, mara nyingine tatu, na mimi nabaki na mama. Macho yake yalikuwa meupe katikati kama tone la maziwa. Kabla sijafika, mtu mmoja aliyekuwa anazunguka sokoni na mfuko wa dawa alimtilia matone kwa wiki nyingi, mwisho akasema haya macho yamekufa, msisumbuke tena. Mume wangu aliamini. Kila mtu aliamini.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilipochoka na ule ukimya wake, na mimi nilitafuta wa kwangu. Akisikia hatua uani huwa anauliza, "Nani iko pale?" Mimi nasimama. Sijibu. Nabana pumzi na kumwangalia anavyogeuza kichwa huku na huku, mpaka anachoka na kuinama tena. Halafu naenda zangu kwa ncha za vidole. Sikuwa na sababu yoyote zaidi ya kuona kwamba na yeye anaweza kukaa bila kujua kinachotokea mbele yake. Usiku nilikuwa nasikia aibu, na kesho yake nafanya tena.

Jioni ya ile siku umeme ulikuwa umekatika kartie nzima, mtaa wote. Giza lilikuwa limeshaingia lakini watu hawajala bado. Mama alikaa uani kwenye kiti chake kidogo, mgongo kwenye ukuta wa jikoni. Nilitoka na beseni la makala kiunoni, nataka kuongeza makaa hayo kwenye jiko la mbabula, na kokoto ikalia chini ya kandambili yangu.

"Nani iko pale?" akauliza.

Nikasimama.

Kwanza nilidhani gari limeingia uani na taa zake. Ukuta wa jikoni ukawa mweupe, nikaona kila ufa, kila alama ya mkono yenye masizi. Kivuli cha mpapai kilianguka ukutani, halafu kikaanza kutembea. Kivuli changu pia kikatembea, kikapita juu ya uso wa mama. Nikageuka. Juu ya paa la jirani palikuwa na moto. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na sijakiona tena. Kilikuwa cha mviringo, cheupe katikati hadi kinaumiza macho, kijani pembezoni, na nyuma yake kikivuta mkia mwekundu unaomwaga cheche. Nyota zinazoanguka nilizizoea, zinakwisha kabla hujamwambia mwenzako tazama. Huu moto haukuwa na haraka. Ulipita anga yote, toka upande wa kusini mpaka upande wa Kilo, na hakuna sauti hata kidogo. Mwishoni ukapasuka vipande vitatu, vikafuatana kama watu katika njia nyembamba, vikazimika.

Giza lilirudi zito kuliko mwanzo. Sikuona hata mkono wangu. Nikasikia sauti ya mama, polepole, kwa Kiswahili.

"Moto. Ilitoka huku, ikaenda kule."

Macho yangu yalipozoea niliona amenyoosha mkono. Kidole chake kilianza kwenye paa la jirani, kikapita juu ya mpapai, kikaishia upande wa barabara ya Kilo. Ilikuwa njia yenyewe, hakukosea hata kidogo.

"Na mutu mumoja alisimama mbele ya ile moto," akasema. "Ni weye."

Hapo ndipo sauti ilipofika, imechelewa, mngurumo mrefu kama kamyo nzito inavuka daraja la mbao, tena chini ya miguu yetu. Sahani zikagongana ndani ya nyumba. Beseni likaniponyoka, makala yakatawanyika uani.

Kartie ikaamka. Watu walitoka na kuitana, mbwa wakabweka, kengele ya kanisa ikapigwa na mtu ambaye bila shaka hakutumwa. Wengine walisema ni ndege ya askari imelipuka. Wengine walisema vita vya Uganda vimevuka ziwa. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanaimba tayari, wanaomba Mungu asiwakute na dhambi zao. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu ambaye mume wake alikufa katika mashimo ya dhahabu, akaingia uani kwetu na mtandio umekaa upande.

"Mumeona?" akauliza.

"Tumeona," mama akajibu.

Jirani akaniangalia mimi. "Hata yeye?"

"Hata yeye," nikasema. "Alionyesha na kidole."

Nililala vibaya, kama ni kulala. Moto ule ulikwenda upande aliko mume wangu, na nilikuwa nimeona vipande vyake vikishuka. Lakini si hilo tu lililonigeuza kitandani. Ni lile neno, "Ni weye." Nilikuwa nasikia mama akikohoa chumba cha pili na nawaza: anajua nini, tangu lini.

Asubuhi jirani alirudi, akanivuta kando. Akaniambia kwamba kaka yake alikuwa na macho meupe kama ya mama, na alipelekwa hospitali ya misioni kule Nyankunde. Walimweka katika chumba chenye giza, wakamwashia tochi pande zote, na kumwambia aonyeshe mwanga uko wapi.

"Alionyesha, wakamupasua, sasa anashona viatu," akasema. "Jicho ile inaona moto haiyakufa. Ni sawa dirisha mutu alipaka chokaa."

Kutoka hapo sikutulia. Nilifagia uani mara mbili, nikaacha maji yachemke mpaka yakakauka. Siku ya pili, mama akiwa amelala mchana na madirisha yamefungwa, niliwasha taa ya mafuta, nikaingia chumbani kwake. Nikaipeleka kushoto. Nikaipeleka kulia. Nikaishusha mpaka chini.

"Unafanya nini na hiyo taa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nataka kujua kama Mama anaiona."

"Iko chini sasa," akasema. "Ondoa, itachoma mukeka."

Siku ya tatu watu walishuka kutoka Kilo na kusema kwamba huko pia waliuona ule moto, nao ulipita juu ya vichwa vyao na kwenda mbele zaidi, hakuna aliyejua ulianguka wapi. Vijana fulani walitoka kwenda kuutafuta, wakidhani ni jiwe la thamani. Walirudi na matope. Mume wangu alikuwa salama, na baada ya siku nyingine mbili alifika mwenyewe, amechoka, ana njaa.

Nilisubiri ale. Halafu nikamwambia yote: moto, kidole, taa ya mafuta, kaka wa jirani. Nilizungumza haraka mno, najua. Alinisikiliza na kutafuna kijiti.

"Macho ya Mama imekufa," akasema. "Yeye alisikia watu wanapiga kelele, akajua kuna kitu juu."

"Alionyesha kabla watu hawajapiga kelele."

"Weye ulikuwa na woga. Mutu wa woga hajue nini ilianza."

Akamgeukia mama yake, akamuuliza kwa lugha yao. Mama alikuwa anachambua mboga kwa vidole, na hakuacha. Akamjibu mwanawe kwa Kiswahili, mbele yangu, mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile.

"Uliza muke yako. Yeye alikuwa pale."

Mume wangu alitema kijiti chake. Sijui kama alichukizwa na habari au na lugha. Mwisho alisema tutaona mvua zikiisha, na kesho yake alfajiri akapakia mizigo, akarudi Kilo.

Mvua kuisha ilikuwa bado miezi miwili. Nilijaribu kungoja. Nilingoja siku nne. Katika siku hizo niligundua kwamba nimeanza kuogopa mambo mawili yanayopingana: kwamba macho ya mama hayatafunguka, na kwamba yatafunguka. Siku ya tano nikafunga nguo zake katika kikwembe, nikampa jirani ufunguo, nikamwambia, "Bwana yangu akikuya, mwambie tuko Nyankunde." Mama hakuuliza mengi. Alipoambiwa tunakwenda alivaa kitambaa chake cha kanisa na kukaa mlangoni kabla hata sijamaliza kufunga.

Tulipata kamyo ya maharage. Dereva alimpa mama nafasi mbele, mimi nikapanda juu ya magunia. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, na katika mteremko mmoja gurudumu la nyuma likazama. Wanaume wakashuka kukata matawi na kuchimba. Nilimshusha mama, nikatandika gunia kwenye nyasi, tukakaa. Mbele yetu vilima vilikuwa vya kijani kabisa, ng'ombe wa watu wakitembea juu yake. Nilitamani kumwambia, nikaona ni ujinga.

"Ile siku ya moto," akasema, "ilikuwa mara ya kwanza?"

Nilielewa swali. Ningeweza kujifanya sielewi.

"Apana, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mingi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia.

"Nilijua," akasema. "Weye unapumua sawa mutu iko na mafua. Kila mara nilijua."

"Na juu ya nini Mama hakusema?"

"Nilitaka kujua utachoka siku gani."

Nikaanza kulia, si kwa sauti. Hakunishika wala hakunibembeleza. Alingoja. Wanaume wa kamyo walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu, na kusukuma, na gari linakataa.

"Mimi vilevile," akasema. "Nilijua unaikala pale haujue kitu tunasema. Na nilikuwa naendelea." Akapangusa nyasi kwenye goti lake. "Sasa futa uso. Watu watafikiri nimekufa."

Tulifika jua likiwa chini. Kesho yake tuliketi kwenye benchi refu na watu wengine wengi wenye vitambaa machoni. Muuguzi alimwingiza katika chumba, akavuta pazia zito, akaniruhusu nisimame mlangoni. Aliwasha tochi juu.

"Mwanga iko wapi, Mama?"

Mama akaonyesha juu. Muuguzi akaipeleka chini, akaonyesha chini. Kushoto, kulia. Daktari alikuja naye akarudia yaleyale, akamkunjua kope, akasema wataanza na jicho la kulia. Aliuliza kwa nini tulichelewa hivi. Mama akajibu, "Nilikuwa nangoja mutu wa kunileta," na akaishia hapo.

Walimpasua. Siku zilizofuata alilala chali, jicho limefunikwa na kichwa kimewekwa kati ya mifuko miwili ya mchanga ili asigeuke. Alikatazwa kukohoa, kuinuka, hata kucheka. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimsafisha. Hospitalini pale ndugu wa wagonjwa tulikuwa tunapika nje, kila mmoja na mafiga yake, na kila nilipotoka kupika nilikuwa nakimbia kurudi, nikidhani amegeuka usingizini na kila kitu kimeharibika kwa kosa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta bila ruhusa. Nilikonda kuliko mgonjwa.

Siku ya nne mume wangu akafika. Nilimwona mlangoni mwa wodi, suruali imejaa matope mpaka magotini. Alikuwa amepita nyumbani kwanza, amepewa ufunguo. Hakunisalimu.

"Nani alikuambia umulete?"

Nilifungua mdomo. Mama akasema kutoka kitandani, bila kusogeza kichwa, "Mimi."

"Mama, yeye ni mutoto, hajue—"

"Nilisema ni mimi. Ikala chini. Unaniletea matope, naisikia harufu."

Akakaa chini. Baada ya muda akachukua kijiko mkononi mwangu na kumlisha mama yake uji uliobaki. Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Ila usiku huo alilala nje na wanaume wengine, na asubuhi nikakuta ameshanichotea maji na kupasua kuni.

Siku walipomfungua kitambaa tulikuwa wote wawili pale. Muuguzi alimvalisha miwani mizito, vioo vyake vinene kama chini ya chupa, na nyuma ya vioo jicho likaonekana kubwa mno. Mama alitazama kwanza mikono yake, akaigeuza. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, akasema neno kwa lugha yao, na yeye akafunika uso. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimevaa kikwembe changu cha kila siku na sikuwa nimechana nywele. Nilitaka kukimbia.

"Kumbe weye iko mufupi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Sauti yako ilikuwa ya mutu murefu."

Jicho la kushoto hakutaka liguswe. Alisema moja linatosha kwa kazi iliyobaki, na hakuna aliyeweza kumshinda.

Mtu anayesikia hadithi hii anafikiri kwamba tulirudi Bunia na tukaishi kwa amani. Tulirudi, na wiki ya kwanza aliona masizi yote, sufuria zote, kona zote ambazo ufagio wangu haukufika. Aliona jinsi ninavyokata sombe, majani ya muhogo, akaninyang'anya kisu. Nilikuwa nimezoea nyumba ambayo hakuna anayenitazama, sasa kila nilipogeuka palikuwa na ile miwani. Tulibishana. Tulibishana kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, na jirani alikuwa anasikia kila kitu na kutia maoni yake juu ya ukuta. Mwezi wa pili mama alianza kunifundisha maneno ya kwao, hasa, nadhani, ili aweze kunigombeza kwa undani zaidi.

Halafu mwaka ukaisha na akatangaza kwamba anakwenda kukaa kwa binti yake kule Kilo. Sasa naona njia, alisema, na wajukuu wangu wa kule sijui sura zao. Jambo ambalo nililitamani tangu siku niliyoshuka kwenye kamyo likaja, na sikujua nilifanyie nini. Nilimfungia nguo. Nilifunga uzi kwenye miwani yake ili isianguke njiani. Kamyo ilipoondoka hakupunga mkono, alikuwa anatazama mbele.

Nilitembea ndani ya ile nyumba kama mtu aliyepoteza funguo. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na watu walisema ndiyo inayonisumbua. Nilikuwa naanza kazi na kuiacha. Naketi kwenye kiti chake kidogo jikoni, nainuka.

Alikaa huko miezi minne. Siku moja asubuhi nilisikia kamyo imesimama barabarani, nikatoka, nikamkuta anashuka mwenyewe kwa kinyumenyume, ameshikilia mbao za ubavuni, kuku wawili wamefungwa mgongoni pake. Nilikimbia nimpokee. Alinipa kuku, akakataa mkono.

"Huko wananishika mukono mpaka choo," akasema. "Wanasema polepole, Bibi, polepole, kuna jiwe. Naona jiwe. Niliwaambia naona, hawasikie." Akashusha pumzi, akaweka sawa miwani, akanitazama tumbo. "Hii iko ya miezi ngapi?"

"Sita, Mama."

"Na unakimbia barabarani," akasema, na akatangulia kuingia uani.